Musa bin Maimun: Mhamiaji aliyewaandikia wagonjwa wasio na tabibu

Ndugu msomaji, huenda unamfahamu mtu aliyefiwa na mwenza, mtoto au ndugu, kisha baada ya msiba akaanza kuugua yeye. Homa haziishi, majipu yanamtoka mwilini, chakula hakipiti, kitandani hatoki. Anapelekwa hospitali, anapimwa, anapewa dawa, anarudi vilevile. Majirani wanaanza kunong'ona kwamba amelogwa.

Wiki hii nakusimulia habari za mtu aliyepitia hali ya namna hiyo zaidi ya miaka 800 iliyopita, akiwa ugenini nchini Misri. Alilala kitandani kwa karibu mwaka mzima. Alipoinuka akaishika kazi ya utabibu, na baadaye akawa mmoja wa waandishi wa afya waliosomwa sana, Mashariki na Ulaya. Kwa Kiarabu anaitwa Musa bin Maimun. Wazungu humwita Maimonides.

Wengi humkumbuka kama mwanazuoni mkubwa wa dini ya Kiyahudi na mwanafalsafa. Safu yetu ni ya afya, kwa hiyo tutabaki kwenye utabibu wake, hasa namna alivyouandika. Aliandika akimfikiria mgonjwa ambaye tabibu yuko mbali naye, au yule ambaye tabibu aliyempata hajui kazi yake. Baadhi ya mambo aliyofundisha yamepitwa na wakati, na nitakuonyesha ni yapi. Mengine yangeweza kubandikwa leo kwenye ukuta wa zahanati ya mtaa wako.

Alivyofika Misri

Musa alizaliwa katika mji wa Cordoba, Hispania, kati ya mwaka 1135 na 1138. Wakati ule mji huo ulikuwa chini ya Waislamu, na lugha ya elimu ilikuwa Kiarabu. Baba yake, Maimun, alikuwa kadhi wa Wayahudi wa mji huo, naye ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza.

Mwaka 1148 Cordoba ilichukuliwa na watawala wapya kutoka Afrika Kaskazini, walioitwa Almohad. Hawa hawakuwavumilia Wayahudi na Wakristo waliowakuta. Familia ikaondoka. Kwa miaka kadhaa walihamahama, kisha karibu mwaka 1160 wakafika mji wa Fez, Morocco. Huko kijana Musa alikaa karibu na matabibu, akajifunza kwao na kusikiliza jinsi walivyojadili wagonjwa wao.

Mwaka 1165 walihama tena, safari hii kwa chombo cha bahari hadi Acre, Palestina. Hawakukaa sana. Wakashuka Misri na kuweka makazi Fustat, mji mkongwe uliokuwa jirani na Cairo. Baba alifariki katika kipindi hicho hicho. Musa akabaki na mdogo wake, Daudi.

Ndugu hao wawili waligawana kazi. Daudi alifanya biashara ya vito vya thamani na kuitunza familia nzima. Musa alisoma na kuandika. Kama umewahi kuishi ughaibuni, unajua mpango wa namna hiyo: mmoja anatafuta, mwingine anasoma, na nyumba nzima inamtegemea yule anayetafuta.

Barua kutoka bandarini

Safari za Daudi zilimpeleka mbali. Katika mojawapo alipanda Mto Nile, akakatiza jangwa hadi Aydhab, bandari iliyokuwa kwenye pwani ya Bahari ya Shamu. Kutoka huko alimwandikia kaka yake. Alimweleza taabu za jangwani, na kwamba pale bandarini hakukuta bidhaa ya maana ya kununua, hivyo ameamua kupanda chombo aende India. Akamtuliza kaka yake asiwe na wasiwasi.

Barua hiyo ipo hadi leo. Ilikutwa miongoni mwa maelfu ya karatasi za zamani zilizohifadhiwa katika sinagogi la Fustat, na sasa imetunzwa katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Daudi alizama katika Bahari ya Hindi. Alizama na mali yake, mali ya kaka yake na mali za watu wengine waliomwamini. Aliacha mjane na binti mdogo, na wote wawili wakabaki mikononi mwa Musa.

Ndipo Musa akaanguka. Alikaa kitandani karibu mwaka mzima akiwa na homa, majipu na huzuni iliyokaribia kumuua. Miaka minane baadaye, alipomwandikia rafiki yake aliyeko Acre, alikiri kwamba bado analia. Kila alipokutana na mwandiko wa Daudi au mojawapo ya barua zake, moyo ulipinduka na huzuni ikaanza upya.

Naomba uishike sehemu hii, msomaji. Tutairudia, kwa sababu baadaye mtu huyu aliandika juu ya huzuni na mwili, naye alikuwa anajua anachokiandika.

Kazi ya kumpatia riziki

Mwenye kuitunza nyumba alikuwa amekufa. Musa hakutaka kula kwa kufundisha dini, kwa kuwa aliamini elimu ya dini haipaswi kugeuzwa kuwa biashara. Utabibu aliousoma ujanani sasa ukawa ndio riziki yake.

Alianza kama mgeni asiyejulikana, jina lake likakua polepole. Wakati huo Misri ilikuwa imeingia mikononi mwa Salahuddin al-Ayyubi, aliyeshika utawala mwaka 1171. Waziri mkuu wa Salahuddin, al-Qadi al-Fadil, alimchukua Musa kuwa tabibu wake na kumwekea mshahara. Kuanzia hapo akawa anatibu katika jumba la watawala.

Usidhani kwamba maisha yakawa mepesi. Mwaka 1199 msomi mmoja wa kusini mwa Ufaransa, Samuel ibn Tibbon, alitaka kusafiri hadi Misri ili akae naye na kuzungumza elimu. Musa alimjibu kwa kumweleza siku yake inavyokwenda.

Yeye anaishi Fustat na sultani yuko Cairo, kwa hiyo kila asubuhi hupanda mnyama wake kwenda kuwaangalia wagonjwa wa jumbani. Hurudi baada ya adhuhuri, njaa imemuuma, akikuta ukumbi wa nyumba yake umejaa watu. Kuna Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wadogo, mahakimu na watu wa kawaida. Hunawa mikono, huwaomba wamsubiri kidogo, hula chakula chepesi, na huo ndio mlo wake pekee kwa siku. Kisha huwatibu hadi usiku. Mwisho hulala chali kwa uchovu huku akiendelea kuwaelekeza, na usiku ukiingia hata kusema hawezi.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Mtu huyu aliyewaandikia wengine juu ya mlo, mazoezi na usingizi, yeye mwenyewe alikula mara moja kwa siku na kulala akiwa hoi. Ninalitaja hili kwa makusudi. Kama wewe ni muuguzi, daktari, mwalimu au mama anayemuuguza mgonjwa nyumbani, usiuige upande huu wa maisha yake. Anayewahudumia wengine naye ana mwili.

Aliandika nini?

Pamoja na uchovu huo, aliacha vitabu kumi vya utabibu, vyote kwa Kiarabu. Kuna kimoja kuhusu bawasiri, kingine kuhusu pumu, kingine kuhusu nguvu za kiume, kingine kuhusu sumu. Kuna mkusanyiko mkubwa wa kanuni fupi za utabibu, zipatazo 1,500, katika sura 25. Katika sura ya mwisho alifanya jambo la ujasiri: aliorodhesha mahali ambapo Galen, tabibu wa kale aliyeheshimiwa kuliko wote, alijipinga mwenyewe. Alimheshimu Galen na alimnukuu kila mara, ila hakukubali jambo liwe kweli kwa sababu tu limesemwa na mkubwa.

Vitabu vyake kadhaa vilianza na mgonjwa mmoja aliyeomba ushauri. Hebu tuangalie vinne.

Mgonjwa wa pumu

Bwana mmoja wa cheo kikubwa alisumbuliwa na pumu, na alitaka kujua kama hewa ya Cairo ingemfaa kuliko ya Alexandria. Musa alimjibu kwa kitabu chenye sura 13. Alimweleza kwamba pumu ina sababu nyingi, na haiwezekani kuitibu bila kumjua mgonjwa mwenyewe: mwili wake, mlo wake, usingizi wake na mahali anapoishi.

Kuhusu hewa ya mijini aliandika kama mtu aliyezipita barabara zetu za leo. Majengo marefu, vichochoro vyembamba, takataka na maji machafu huifanya hewa iwe nzito. Asiyeweza kuhama mji, alisema, akae pembezoni, kwenye nyumba yenye uwazi na inayoingiza jua, na choo kiwe mbali na vyumba vya kulala. Katika vyakula alisifu supu ya kuku.

Leo tunajua zaidi. Pumu ina dawa za kuvuta ambazo huzuia shambulio na nyingine ambazo hulituliza, na supu haichukui nafasi yake. Hata hivyo, mgonjwa wa pumu anayelala chumba kimoja na jiko la mkaa, au na mtu anayevuta sigara, atatumia dawa bila kupata nafuu anayoitarajia. Hewa ni sehemu ya matibabu.

Mtoto wa sultani

Al-Afdal, mtoto wa Salahuddin, alisumbuliwa na choo kigumu, chakula kutosagika vizuri na vipindi vya huzuni. Karibu mwaka 1198 Musa alimwandikia kitabu cha kanuni za afya chenye sura nne. Sura ya kwanza ilikuwa ya watu wote. Ya pili ilikuwa ya mgonjwa ambaye hana tabibu karibu, au aliyenaye si wa kuaminika. Ya tatu ilimhusu al-Afdal mwenyewe. Ya nne ilikuwa na maagizo mafupi yanayomfaa mtu yeyote popote alipo.

Angalia mpangilio huo, msomaji. Kitabu kimeagizwa na mtoto wa mfalme, lakini mwandishi anaanza na watu wote, kisha anakwenda kwa yule asiye na tabibu.

Alisema mtu ainuke kwenye chakula kabla hajashiba kabisa, na afanye mazoezi kabla ya kula, asiyafanye tumbo likiwa limejaa. Akashangaa kwamba watu hupima kwa uangalifu chakula cha punda na farasi wao na kuwatembeza, ila miili yao wenyewe huijaza bila kipimo na kuikalisha. Badala ya punda weka gari au bodaboda: tunabadilisha oili kwa tarehe, lakini shinikizo la damu hatupimi mwaka mzima.

Kuhusu dawa alisisitiza utaratibu. Kinachotibika kwa chakula kisitibiwe kwa dawa. Dawa ikihitajika, anza na nyepesi kabla ya kali. Maneno haya yanatuhusu sana sisi tunaokwenda duka la dawa kununua antibiotiki kwa mafua. Mafua husababishwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Ukiitumia ovyo, unawafundisha bakteria waliomo mwilini kuizoea, na siku utakapoihitaji kweli haitafanya kazi.

Sasa turudi kwenye ile huzuni. Katika sura ya tatu alieleza jinsi hisia zinavyobadili mwili. Mtu mwenye nguvu, sauti kubwa na uso unaong'aa akipata habari mbaya ghafla, uso hufifia, sauti hushuka, nguvu humwishia na mapigo ya moyo hudhoofu. Kwa hiyo, alisema, tabibu ashughulikie moyo wa kila mgonjwa kabla ya mambo mengine, na amsaidie asizame katika kuyawaza yaliyokwisha kupita. Aliyeandika hayo ndiye aliyelala mwaka mzima kwa ajili ya Daudi.

Sisi tuna jina la hali hiyo: sonona. Ni ugonjwa, na una matibabu. Ikiwa wewe au ndugu yako baada ya msiba mnapitisha wiki kadhaa bila usingizi, bila hamu ya kula, bila kufurahia chochote, au mnapata mawazo ya kujidhuru, nendeni hospitali na mlieleze jambo hilo waziwazi. Msiishie kusema mnaumwa kichwa na homa.

Majina ya dawa

Mtu aliyeishi Hispania, Morocco na Misri huligundua haraka tatizo ambalo mwenyeji halioni: mmea mmoja una majina mengi. Tabibu akiandika jina la Hispania, muuza dawa wa Cairo anaweza kutoa kitu kingine kabisa. Musa akatunga kamusi fupi ya dawa 405, akieleza majina yake kwa Kiarabu, Kigiriki, Kisiriani, Kiajemi, Kiberiberi na lugha ya Hispania.

Tatizo hilo bado tunalo. Paracetamol huuzwa kwa majina mengi ya kibiashara. Mtu anameza aina moja kwa ajili ya homa na nyingine kwa ajili ya maumivu, kumbe ni dawa ileile amezidisha dozi, na paracetamol ikizidi huharibu ini. Kabla ya kumeza, soma lile jina dogo lililoandikwa chini ya jina kubwa kwenye boksi. Ukishindwa, muulize mfamasia.

Nyoka na mbwa

Kitabu cha mwisho ninachotaka ukijue kiliandikwa mwezi wa Ramadhani mwaka 1199, kwa agizo la waziri al-Fadil. Waziri alikuwa na wasiwasi juu ya watu wanaoumwa na nyoka au nge na kufa kabla ya kumfikia tabibu. Musa aliandika kwa ufupi, akitaja vitu vinavyopatikana kwa urahisi, ili mtu wa kawaida ajue la kufanya saa ile ile.

Hapa lazima niseme wazi. Kwa nyoka, yeye alifundisha kufunga sehemu ya juu ya jeraha, kulichanja na kunyonya sumu, kama walivyofanya matabibu wengi wa zama zake. Usifanye hivyo. Siku hizi tunajua kwamba kuchanja na kunyonya hakuondoi sumu, na kamba iliyokazwa inaweza kukuondolea mguu. Mtulize mgonjwa, vua pete na viatu, zuia kiungo kilichoumwa kisitikisike, na umkimbize hospitali.

Kwa kichaa cha mbwa, alikuwa mbele ya wengi. Alionya kwamba mwanzoni aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hahisi tofauti na aliyeumwa na mbwa mzima, na dalili huja baadaye. Alisema tiba ni kabla mgonjwa hajaanza kuogopa maji, kwa kuwa baada ya hapo yeye hakuwahi kumwona aliyepona. Hali iko hivyo hivyo leo. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Tofauti ni kwamba sisi tuna chanjo. Ukiumwa na mbwa, hata kama jeraha ni dogo, lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Alichoacha

Musa bin Maimun alifariki Fustat Desemba 1204. Mtoto wake Abraham, aliyezaliwa mwaka 1186, naye akawa tabibu mjini Cairo. Vitabu vya baba vilitafsiriwa kwa Kiebrania na Kilatini, vikasomwa katika nchi ambazo hakuwahi kuzikanyaga.

Ndugu msomaji, dawa zake nyingi hazitumiki tena. Kilichobaki ni ile desturi yake ya kumfikiria mtu ambaye tabibu hayupo karibu naye, kisha kumwandikia kwa maneno anayoyaelewa. Ukitaka kuifuata, anza nyumbani kwako. Chukua karatasi leo, uandike namba ya simu ya kituo cha afya kilicho karibu, dawa ambazo kila mgonjwa wa nyumbani anatumia, na dawa ambazo humdhuru. Ibandike mahali ambapo hata msaidizi wa kazi au mtoto mkubwa ataiona. Siku ya dharura, anayeijua habari hiyo anaweza kuwa safarini.

Tukutane wiki ijayo.